Kisima kinachokauka kwa dakika 12

Swali: Habari za kazi, kaka. Nipo Nala, Dodoma. Tulichimba kisima mwaka juzi, mita 90, kesingi ya inchi 5. Maji yakitulia yanasimama mita 38 kutoka juu, na pampu ya hospawa 1 imening'inizwa mita 82. Nikiwasha asubuhi inatoa maji vizuri kwa dakika 12 hivi, yaani madumu 26, halafu inaanza kukohoa hewa. Nikisubiri saa moja napata madumu saba na nusu. Nikisubiri hadi jioni napata yale yale 26. Pampu imeshaungua mara mbili. Nyumbani tuko saba, kuna wapangaji wanne na ng'ombe wawili. Tangi letu la lita 2,000 halijawahi kujaa na kila wiki nanunua boza. Fundi mmoja anataka nifunge pampu ya hospawa 2, mwingine anasema nishuke hadi mita 150. Nimfuate yupi? Na mvua zikianza, naweza kuelekeza maji ya bati yaingie kisimani ili kipate nguvu?

Jibu:

Nzuri, dada. Kwa sasa usimfuate hata mmoja. Kisima chako kina maji ya kuitosha nyumba yako, ila kinayatoa taratibu, na nyinyi mnayachota kwa pupa mara mbili kwa siku halafu mnakiacha kikae bure. Nakushukuru kwa kupima, maana namba ulizoniandikia ndizo zinazonipa ujasiri wa kusema hivyo.

Tuanze na zile dakika 12. Shimo lenye kesingi ya inchi 5, yaani bomba kubwa linalozuia kuta zake, hubeba takriban lita 12 kwa kila mita moja. Kutoka mita 38, maji yanaposimama, hadi mita 82 ilipo pampu, ni mita 44. Zidisha mara 12, unapata lita 528. Wewe unatoa madumu 26, yaani lita 520. Maana yake pampu yako kila asubuhi inamaliza maji yaliyolala ndani ya shimo, na mwamba wenyewe haujapata hata muda wa kuchangia. Ukifunga hospawa 2 utamaliza maji yale yale kwa dakika sita. Hutapata dumu moja la ziada, na utakuwa umenunua mota ghali zaidi ya kuunguza.

Sasa angalia namba yako ya pili, ambayo wengi hawaipimi. Katika saa moja ya kwanza baada ya kukauka, kisima kimerudisha lita 150. Ukisubiri kutwa nzima, tuseme saa kumi, kimerudisha 520. Kwa hiyo saa tisa zilizofuata zimeleta lita 370 tu, wastani wa lita 41 kwa saa. Mwamba haujachoka. Maji hutoka kwenye nyufa za mwamba na kuingia shimoni kwa sababu usawa wa maji shimoni uko chini kuliko usawa wa maji yaliyo kwenye mwamba unaolizunguka. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, msukumo ni mkubwa. Kadiri shimo linavyojaa, msukumo unapungua, na maji yakifika mita 38 hakuna kinachoingia tena. Una ng'ombe, kwa hiyo unalijua hili: kiwele kilichojaa hakitengenezi maziwa kwa kasi ya kiwele kilichokamuliwa.

Nimechukua vipimo vyako viwili na kukadiria kisima kinavyorudi saa baada ya saa. Baada ya saa nne za kusubiri kimesharudisha karibu lita 390 kati ya zile 520. Ukivuta mara mbili kwa siku unapata lita 1,040. Ukivuta kila baada ya saa nne, usiku na mchana, hesabu inafika kama 2,300. Kila baada ya saa mbili, kama 3,000. Kila saa, kama 3,500. Kisima ni kile kile, pampu ni ile ile, kilichobadilika ni ratiba tu.

Usiende kupanga maisha juu ya hizo 3,000 lakini. Nyufa za mwamba hazifuati hesabu kwa unyoofu. Kama ufa mkubwa unaoleta maji uko, tuseme, mita 60, basi kushusha maji chini ya mita 60 hakuongezi msukumo wowote. Maji yanabaki kudondoka kutoka juu kama kawaida, hewa inaingia kwenye ufa, na kama maji yana chuma, kutu huanza kuziba pale pale unapopategemea. Vilevile, ukivuta mfululizo kwa wiki kadhaa, usawa wa maji kwenye mwamba wenyewe unashuka kidogo. Kwa sababu hizo mimi napunguza theluthi nzima: kwa kuvuta kila baada ya saa mbili, jihesabie lita 2,000 kwa siku. Watu 11 kwa lita 80 kila mmoja ni 880, na hapo nimewakadiria kwa mkono mkunjufu. Ng'ombe wawili wape 120. Weka 300 za bustani na usafi wa banda. Jumla 1,300. Inakutosha bila boza.

Kuvuta kila baada ya saa mbili hakuwezi kuwa kazi ya mtu, hasa usiku, kwa hiyo unahitaji taima. Hapa kuna mtego. Zile taima za bei nafuu za kuchomeka ukutani, zenye meno ya kuzungusha, hatua yake ndogo kabisa huwa dakika 15, na nyingine 30. Kwa kisima chako dakika 15 ni kuua pampu. Chukua taima ya kidijitali inayopangika kwa dakika moja moja. Na isiubebe umeme wa pampu moja kwa moja, kwa kuwa mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida yake na itaziunguza ncha za ndani za taima. Taima iamrishe kontakta, yaani swichi nzito inayojiwasha kwa umeme, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Fundi umeme yeyote anayefunga mashine za kusaga anaijua kazi hiyo.

Anza na dakika tano kwa kila zamu. Pampu yako inatoa kama lita 43 kwa dakika, kwa hiyo utapata zaidi ya lita 200 kila mara, na bado maji yatabaki juu ya pampu. Ikipita wiki bila kukohoa hewa, ongeza dakika moja. Ikikohoa, punguza moja. Kisima chenyewe ndicho kitakachokuambia mpaka wake, na mpaka huo hautakuwa ule ule mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba. Usiogope LUKU: pampu ya hospawa 1 ikifanya kazi jumla ya saa moja kwa siku hutumia uniti moja na kidogo, iwe umeivuta saa hiyo kwa mikupuo miwili au kumi na miwili.

Usiingie kwenye ratiba hii kabla hujakagua valvu ya kuzuia maji kurudi. Bomba la inchi moja na robo lenye urefu wa mita 82 linashika zaidi ya lita 60. Valvu ikivuja, pampu ikizimwa sehemu kubwa ya maji hayo inateremka kisimani, na zamu inayofuata dakika moja hivi ya kwanza inaishia kulijaza bomba upya. Kwa anayevuta mara mbili kwa siku hasara hiyo haionekani. Kwa anayevuta mara 12 ni karibu sehemu ya tano ya muda wote wa pampu. Kipimo chake hakihitaji chombo: zima pampu, subiri nusu saa, washa huku mtu amesimama kwenye tangi. Maji yatoke papo hapo. Akikaa anahesabu sekunde nyingi, valvu haifanyi kazi.

Sasa zile pampu mbili zilizoungua. Sikuwapo, lakini kwa kisima cha aina hii nashuku mambo mawili kabla ya mengine. La kwanza ni kukimbia bila maji. Mota ya kuzamisha haina feni, inapoozwa na maji yanayoipita, na zile sahani za plastiki zinazosukuma maji ndani ya pampu hulainishwa na maji hayo hayo. Dakika chache za hewa zinatosha kuziyeyusha na kuzipinda. Mwambie fundi akufungie relei ya kuzuia kukimbia bila maji, ile inayosoma umeme unaovutwa na mota. Maji yakiisha mzigo unapungua, umeme unashuka, relei inakata, na inangoja muda uliouweka kabla ya kujaribu tena. Weka saa mbili. Ipo aina nyingine inayotumia vijiti viwili vya chuma vinavyoteremshwa kisimani. Inafanya kazi vizuri, lakini maji ya chumvi ya Dodoma huvila vijiti, na waya za ziada shimoni zina tabia ya kujisokota kwenye bomba. Kwako napendekeza ya umeme. Ila relei ni mlinzi, ratiba ibaki kwa taima. Ukiitegemea relei peke yake utakuwa unakausha kisima mpaka mdomoni mwa pampu kila mara, na kuvuta tope.

Jambo la pili wengi hawalijui. Mota ipo chini ya pampu, na mdomo wa kuvutia maji upo katikati yao. Kama ufa unaoleta maji uko juu ya pampu, maji yanashuka, yanaingia mdomoni na kupanda zake bila kuigusa mota. Mota inakaa kwenye maji yaliyosimama, ambayo yanapata joto zamu baada ya zamu, na siku moja inaungua huku kisima kina maji. Dawa yake ni koti la kupoozea, yaani kipande cha bomba la plastiki kinachovishwa mota na mdomo, kimefungwa juu na wazi chini, ili maji yalazimike kuzunguka chini na kupanda yakiipita mota. Kwenye kesingi ya inchi 5 nafasi ni finyu, kwa hiyo fundi apime kabla ya kuteremsha. Pia apime volti nyumbani kwako wakati pampu inaanza, jioni watu wote wakiwa wamewasha vyombo vyao. Mitaa mipya iliyo mbali na transfoma huwa na umeme dhaifu, na mota huungua kwa hilo vilevile.

Siku pampu itakapotolewa, ifanye kazi hiyo iwe na faida tatu kwa gharama moja: valvu ikaguliwe, koti livishwe, na pembeni ya bomba kubwa kiteremshwe kibomba cha nusu inchi hadi karibu na pampu. Hicho ni cha kupimia. Unashusha kamba yenye nati ndani yake, unasikia inapogusa maji, unapima urefu wa kamba. Bila kibomba, kamba hunaswa kwenye waya za pampu, na kuinasua ni kazi ya kuipandisha pampu nzima.

Tangi la lita 2,000 ni dogo kwa mpango huu. Kisima kitaleta maji usiku kucha, na asubuhi familia, wapangaji na ng'ombe wote wanataka kwa saa mbili zile zile. Ongeza la lita 5,000 na uyaunganishe kwa chini. Weka boya linalokata umeme wa pampu tangi likijaa. Ukilijaza lote una maji ya siku tano, na hapo hata umeme ukikatika siku nzima hutatetemeka. Kama fedha ni ya kuchagua kati ya tangi na mita za kuchimba, chukua tangi. Mita 60 za ziada kwenye shimo la inchi 5, hata zikiwa kavu kabisa bila ufa, zinakuongezea nafasi ya kuhifadhi lita 720 tu, na unazilipia mita kwa mita.

Hilo linatuleta kwa fundi wako wa pili. Sisemi anakudanganya. Dodoma imekaa juu ya mwamba wa zamani mgumu, granaiti na jamaa zake, ambao wenyewe haushiki maji. Maji yapo kwenye tabaka la juu lililooza na kumeng'enyeka, na kwenye nyufa zilizo chini ya hapo, na kwa kawaida nyufa huzidi kubanwa kadiri unavyoshuka. Wapo waliopata maji mengi mita 130, na wapo walioambulia vumbi la mawe. Ukitaka kubahatisha kidogo, mtafute mpimaji wa maji ardhini aliyesomea, apime ukanda wa nyufa kwenye kiwanja chako, na umpelekee ripoti ya uchimbaji ya kisima ulichonacho. Ripoti hiyo unapaswa kuwa nayo: inaonyesha mwamba uliokutwa kila mita, kina ambacho maji yalianza kutoka, na mahali kesingi yenye matundu ilipowekwa. Aliyekuchimbia kama hakukupa, mdai. Bila ripoti, kila fundi atakayekuja atakuwa anakisia.

Na kuna swali ambalo hukuniuliza, lakini ndilo litakaloamua kama utachimba tena: je, kisima kilikuwa hivi tangu siku ya kwanza, au kimedhoofika? Kama majaribio ya siku ya kuchimba yalionyesha maji mengi kuliko haya, huenda matundu ya kesingi yamezibwa na tope au chokaa, na kuflashi kwa kompresa, yaani kulisafisha shimo kwa hewa ya nguvu, kunaweza kurudisha sehemu kubwa kwa gharama ndogo sana kuliko kuchimba. Kama usawa wa kutulia umeshuka, tuseme siku ile ulikuwa mita 30 na leo ni 38, basi tatizo liko kwenye maji ya eneo zima. Tangu serikali ilipohamia Dodoma nyumba zimeongezeka kwa kasi, na visima navyo. Majirani wawili wakivuta kwa nguvu karibu nawe, wewe unaliona kwenye kamba yako.

Maji haya hayajazwi kila mwaka kwa usawa pia. Vipimo vya visima vya Makutupora, vinavyoulisha mji wa Dodoma, vimetunzwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba hifadhi ile hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998, huku miaka mingi ya katikati maji yakiendelea kushuka. Makutupora ina jiolojia yake na Nala ina yake, lakini mvua ni ile ile. Kwa hiyo usikihukumu kisima kwa vipimo vya Machi. Kipime mwishoni mwa kiangazi, Oktoba au Novemba. Kama wakati huo, kwa ratiba ya kila saa mbili, bado kinakupa lita 1,300, huna sababu ya kuchimba. Kikikupa 700, hapo ndipo tuzungumze kisima cha pili, na kiwe mbali na cha kwanza kadiri kiwanja kinavyoruhusu ili visinyang'anyane maji.

Watu wenye visima kama chako wameanza kuniuliza kuhusu sola. Kwa kisima kinachotoa maji taratibu, pampu ndogo ya sola ya skrubu inafaa sana, kwa kuwa inavuta maji kidogo kidogo tangu jua linapokolea mpaka linapolegea, na haimshtukizi mtu wala mwamba. Lakini usiiongezee geti valvu, ile koki ya kupunguza maji, na kuibana kama mafundi wanavyofanya kwa pampu za kawaida. Pampu ya skrubu ikibanwa inapandisha presha mpaka kitu kipasuke. Kwa kuwa una umeme na pampu bado nzima, kwako haina haraka. Ifikirie hii ikichakaa.

Mwisho, maji ya bati. Usiyaelekeze kisimani. Yanabeba vinyesi vya ndege, vumbi na majani, na kesingi ni njia ya mkato inayoupeleka uchafu huo moja kwa moja kwenye maji mnayokunywa wewe na majirani, bila kupita kwenye udongo ambao ungeuchuja. Tope lake litaziba nyufa zile zile unazozibembeleza. Na nguvu hutaiona: kisima kinachopokea lita 150 kwa saa kutoka kwenye mwamba hakiwezi kuurudishia mwamba maji kwa kasi ya mvua ya Dodoma, kitajaa hadi juu na kumwagika. Yapeleke kwenye tangi. Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na bati la mita za mraba 100 likikingwa vizuri, hata ukipoteza sehemu ya tano, linakupa lita 40,000 au zaidi, tena zisizo na chumvi. Yaache maji ya dakika za mwanzo za kila mvua yamwagike ili yalisafishe bati, ndipo uanze kukinga. Mvua hizo zinashuka kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo kwa miezi hiyo unaweza kuipunguza taima iwe kila saa sita, ili kisima kiingie kiangazi kikiwa kimepumzika. Mdomo wa kesingi uinue nusu mita juu ya ardhi, umwagie zege pembeni lenye mteremko wa kutoka nje, na ufunge kifuniko chenye kufuli.